Unauza kwa Simu: Kodi Yako ni Ipi?

Hotuba kwa wauzaji wa mtandaoni, Arua, mwaka wa fedha 2025/26

Wazee wetu mliokuja kutusikiliza, mama zangu wa sokoni, dada na kaka zangu mnaouza kwa simu, salaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nashukuru pia mmeniruhusu kusema Kiswahili, maana humu ndani yumo Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mkongo na ndugu zetu wa Sudan Kusini, na sitaki mtu hata mmoja aondoke akidhani kodi ni habari ya waliosoma peke yao.

Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanyabiashara wadogo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mimi sina duka. Naweka picha za vitenge kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja ananitumia pesa, mzigo naupakia kwenye basi la Kampala. Kodi ya nini?" Nitalijibu moja kwa moja. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda haiulizi kama una mlango na kufuli. Inauliza kama unafanya biashara na umepata kiasi gani. Anayeuza kwenye TikTok laivu saa tatu usiku akiwa sebuleni kwake, na anayeuza katika kibanda cha mabati pale sokoni, mbele ya sheria ni watu wawili wenye biashara. Hakuna kodi mpya iliyotungwa kwa ajili ya muuzaji wa mtandaoni wa hapa nchini, na hakuna msamaha aliopewa kwa sababu duka lake liko ndani ya simu.

Najua kwa nini jambo hili linawachoma. Tarehe 1 Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tufungue WhatsApp na Facebook. Mwezi huohuo ikaja asilimia 1 kwenye pesa za simu, watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi asilimia 0.5 na ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Mwaka 2021 zile 200 ziliondoka, ikaja asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo dada anayeuza viatu kwa laivu analipa kodi kwenye data anayoichoma, na akitoa milioni moja kwa wakala anakatwa 5,000 za serikali mbali na ada ya kampuni ya simu. Halafu anakuja mtu kama mimi anamwambia bado kuna kodi ya mapato. Anaona anakamuliwa mara tatu.

Nasema wazi: mzigo huo ni mzito kwa mdogo, na naamini wabunge wetu wanapaswa kuusikia kutoka kwetu. Kifungu cha 152 cha Katiba kinasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Basi pa kupeleka malalamiko ni kwa mtu tuliyempigia kura. Lakini kodi ile ya data ni ya matumizi, na hii ninayoizungumza leo ni ya kipato. Ya kwanza haifuti ya pili, na ofisa wa URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, hatakubali uziweke kwenye mzani mmoja.

Sasa tuingie kwenye namba, na naomba mtoe kalamu.

Biashara ndogo, kwa sheria yetu, ni ile ambayo mauzo yake ghafi ya mwaka hayafiki milioni 150. Mwaka wa kodi huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kama mauzo yako ya mwaka hayazidi milioni 10, kodi yako ya mapato chini ya mpango huu ni sifuri. Milioni 10 kwa mwaka ni kama 192,000 kwa wiki. Wengi wenu humu mko hapo, na mnaishi kwa woga wa bure.

Ukivuka milioni 10 sheria inawagawa watu mafungu mawili: walioandika na wasioandika. Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu zinapotelea.

Chukua dada anayeuza 250,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni milioni 13. Kama hana kumbukumbu, anatozwa 80,000 bila mjadala. Kama ana kumbukumbu, anatozwa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani asilimia 0.4 ya milioni 3. Hiyo ni shilingi 12,000. Rudieni hesabu wenyewe. Ni biashara ileile, vitenge vilevile, wateja walewale. Mmoja analipa 12,000 na mwingine 80,000, na kinachowatenganisha ni daftari la shilingi elfu chache.

Twende juu. Mauzo ya milioni 35: asiyeandika analipa 200,000, aliyeandika analipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30, jumla 105,000. Mauzo ya milioni 60: asiyeandika 400,000, aliyeandika 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kilichozidi milioni 50, jumla 240,000. Mauzo ya milioni 90: asiyeandika 900,000, aliyeandika 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kilichozidi milioni 80, jumla 430,000. Huyo wa mwisho ameokoa 470,000 kwa kuandika tu. Hajapunja mtu wala hajaficha kitu.

Wauzaji wa mtandaoni mna bahati ambayo mama wa sokoni hana. Yeye anapokea noti mkononi, jioni hakumbuki. Ninyi kila mauzo yana alama: ujumbe wa mteja, ujumbe wa pesa, karatasi ya basi. Kumbukumbu mnazo tayari, ila zimetawanyika, na simu ikiibiwa zimekwenda zote. Kila jioni andika tarehe, ulichouza, bei, umelipwaje, na ulichotumia. Sheria inataka uzitunze miaka 5. Chukua laini ya pili, au namba ya malipo ya mfanyabiashara, iwe ya biashara peke yake. Usichanganye.

Nasema usichanganye kwa sababu hii. Mauzo ghafi ni pesa ya bidhaa ulizouza. Lakini simu yako inapokea mambo mengi: zamu yako ya akiba ya kikundi, ada ya shule aliyotuma kaka kutoka Juba, mkopo, mchango wa msiba. Siku ofisa atakapotaka taarifa ya namba yako ataona milioni 40 zimeingia, na kazi ya kuonyesha kwamba 18 kati ya hizo hazikuwa mauzo ni yako, si yake. Kwenye ubishi wa kodi, mzigo wa ushahidi uko kwa mlipakodi. Na asikudanganye mtu kwamba hawawezi kuona. Sheria inampa Kamishna wa URA uwezo wa kuandika kwa yeyote mwenye taarifa zako, benki ikiwemo. Bei zako mwenyewe umeziweka hadharani, kila siku, zikiwa na picha.

Kuna kundi la vijana humu ambalo nalipenda sana, wale wasio na mtaji. Wanapiga picha mzigo wa tajiri wa Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, wanatangaza, mteja analipa 100,000, wanampelekea tajiri 85,000, wanabaki na 15,000. Mauzo yao ni yapi, 100,000 au 15,000? Inategemea makubaliano. Kama wewe ni dalali wake, bidhaa ni yake na wewe unalipwa kamisheni, kipato chako ni kamisheni. Kama ulinunua kwake ndipo ukauza kwa jina lako, mauzo ni 100,000 yote. Tatizo ni kwamba wengi hamna hata mstari mmoja ulioandikwa. Mwombeni tajiri ujumbe ulio wazi, hata wa WhatsApp: huyu ananiuzia bidhaa zangu, kamisheni yake ni kiasi hiki. Uhifadhi. Ujumbe huo unaweza kukupunguzia mauzo yako mara sita na zaidi.

Na wale mnaouza kupitia majukwaa kama Jumia, jihadharini na kinyume chake. Jukwaa likikata kamisheni yake na kukutumia kilichobaki, mauzo yako si kilichobaki. Ni bei aliyolipa mteja.

Sasa kuna jambo linalonisumbua katika mpango huu wa biashara ndogo, na washauri wengi hawalisemi. Kodi hii inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Anayeuza simu au sukari, ambazo faida yake ni nyembamba, anaweza kulipa 400,000 huku amebaki na milioni 2 tu mwaka mzima. Sheria imemwachia njia: anaweza kumwandikia Kamishna kwamba anachagua kutozwa kwa viwango vya kawaida, yaani kwenye faida. Kwa mtu mkazi wa Uganda, milioni 2 na elfu 820 za kwanza za kipato cha mwaka hazitozwi kodi. Huyo mwenye faida ya milioni 2, kama hana kipato kingine, atatoka bila kulipa. Lakini haiwezekani bila hesabu kamili ya manunuzi, usafiri, data, kila kitu. Tunarudi kwenye daftari lilelile.

Kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18, inakuhusu mauzo yakifika milioni 150 kwa mwaka, au ukiona miezi 3 imepita na umeuza zaidi ya milioni 37 na nusu. Hapo unajisajili, unapeleka ritani, yaani taarifa ya mauzo na kodi yako, kila mwezi kufikia tarehe 15, na unatoa risiti za EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki ulioanza kuwa wa lazima Januari 2021 na ambao ulifanya maduka ya Kampala yafungwe Aprili 2024. Kama hujasajiliwa, usithubutu kumwongezea mteja asilimia 18. Nimeona matangazo ya namna hiyo. Kumtoza mtu kodi ambayo hutaifikisha serikalini ni kosa, na ni kumwibia mteja.

EFRIS inaweza kukufikia hata kabla ya milioni 150, kupitia mteja. Hapa West Nile tuna mashirika mengi yanayohudumia kambi za wakimbizi za Rhino na Bidibidi. Shirika likikuona Instagram likataka vikapu 200 au sabuni ya moyao, yaani mafuta ya shea, mhasibu wake atakuomba risiti ya kielektroniki, kwa sababu bila hiyo matumizi yake yana matatizo kwenye kodi. Jitayarishe kabla ya kuomba kazi hizo. Na ujue kwamba mnunuzi aliyeteuliwa na serikali, akikulipa zaidi ya milioni moja, atakukata asilimia 6 na kuipeleka URA. Hiyo pesa haijapotea. Ni kodi yako imelipwa mapema, kwa jina lako. Dai cheti chake, kiweke, na mwisho wa mwaka kitapunguza unachodaiwa. Kuna vijana wengi hapa mjini waliokatwa asilimia 6 wakalalamika mwaka mzima, kisha wakalipa tena kodi nzima, vyeti havijulikani viliko.

Kwenye mizigo kutoka nje, nitawagusa mnaoagiza China na Dubai, na mnaovuka mpaka wa Vurra kwenda soko la Ariwara, Congo.

Wengi mnatumia wakala anayekusanya mizigo ya watu 50 kwenye kontena moja, anawatoza kwa kilo, anasema kodi imo ndani. Ni rahisi, na sikatazi. Ila forodha inamwona yeye tu. Kwenye kuingiza mzigo kuna ushuru wa forodha kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa bidhaa nyingi zilizokamilika huwa asilimia 25 au 35, kuna asilimia 18 ya ongezeko la thamani, na kuna asilimia 6 ya kodi ya mapato inayokatwa mapema. Ile 6, kama karatasi za forodha zina namba yako ya mlipakodi, ingehesabiwa kuwa yako. Zikiwa na namba ya wakala, imekuwa yake. Na ofisa akikuuliza mzigo ulinunua kwa kiasi gani, huna karatasi. Angalau mwambie akupe risiti yenye jina lako, aina ya mzigo na kiasi ulicholipa.

Kwa mnaokwenda Ariwara: Congo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na watu wamechukulia kwamba basi kila kitenge cha Ariwara ni cha Afrika Mashariki. Kitenge kilichofumwa China hakibadiliki asili kwa kupita kwenye soko la jirani. Nafuu ya Jumuiya ni ya bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama, nayo unaidai kwa hati ya asili ya bidhaa. Na tafadhali, dada zangu, acheni njia za panya. Mzigo ukikamatwa unapoteza mtaji wote usiku mmoja, na mnajua kinachoweza kumpata mwanamke aliye peke yake kwenye njia hizo.

Kusajiliwa. Namba ya mlipakodi ni bure. Tangu Julai 2025 sheria inaruhusu namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIN, itumike kama namba ya mlipakodi, na kwa kampuni ile namba yake ya usajili. Kijana anayekutoza 50,000 pale mlangoni kwa intaneti anakuuzia haki yako. Leseni ya biashara ya jiji ni jambo lingine. Hiyo ni ya halmashauri, na kuwa nayo hakukuondolei ritani ya URA. Kodi hailipwi kwa mtu. Unatengeneza namba ya malipo kwenye mfumo wa URA, wanaiita PRN, ndipo unalipa benki au kwa simu. Yeyote anayekupigia akisema ni ofisa na utume kwenye namba yake, kata simu.

Ritani ya mwaka unaoisha 30 Juni inatakiwa kufikia 31 Desemba. Ukichelewa, faini ni asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000, ile iliyo kubwa, kwa kila mwezi. Mkumbuke yule dada wa shilingi 12,000. Akikaa miezi 3 amejitengenezea deni la 600,000 kwa kodi ya 12,000. Nimeona watu wakilia kwa sababu ya faini. Kwa sababu ya kodi yenyewe, kwa wafanyabiashara wa kiasi chetu, sijaona. Kwa hiyo ushauri wangu ni upeleke ritani hata pale kodi ni sifuri.

Na kama miaka imepita hukupeleka kitu, usijifiche. Sheria inamruhusu mtu ajitokeze mwenyewe kabla hajafuatwa, aseme ukweli, alipe kodi ya msingi, na asitozwe riba wala faini. Ukisubiri barua ije, mlango huo umefungwa. Barua ikija na makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 45 za kupinga kwa maandishi. Usiende ofisini kuomba huruma huku siku zinahesabika. Andika pingamizi, ambatisha kumbukumbu zako. Ukikataliwa, kuna Baraza la Rufaa za Kodi, ambalo limewahi kuamua dhidi ya URA mara nyingi.

Naona mikono. Nitajibu maswali mawili kabla ya kumpisha mzungumzaji mwingine.

Kaka pale nyuma anauliza kuhusu kampuni za nje, zile tunazozilipa matangazo: mbona sisi tunabanwa na wao wako huru? Si huru kabisa. Mwaka 2023 iliwekwa kodi ya asilimia 5 kwa wasio wakazi wanaowauzia watu wa Uganda huduma za kidijitali, matangazo ya mtandaoni yakiwemo. Hiyo ni yao, isije mtu akakuambia uilipe wewe kwa sababu unauza mtandaoni. Wewe unauza viatu.

Dada huyu anasema amesikia biashara mpya ina miaka 3 bila kodi, na anataka kuifunga yake aifungue upya. Dada yangu, sikiliza vizuri. Msamaha upo, uliingia kwenye sheria 2025. Ni wa biashara iliyoanzishwa na raia wa Uganda baada ya 1 Julai 2025, yenye mtaji usiozidi milioni 500. Ndugu zetu wasio raia hawamo. Na ni msamaha wa kodi ya mapato, hauhusu ushuru wa forodha wala ile asilimia 18. Kubadilisha jina la ukurasa wako wa TikTok hakufanyi biashara ya 2022 iwe mpya. Lakini mdogo wako, yule uliyesema anataka kuanza kuuza asali ya Koboko mwezi ujao, yeye anaweza kuupata. Mlete kwangu baada ya mkutano, aje na kitambulisho chake.